Peugeot ya babu, sehemu ya 3: viti, mikanda na ile sabufa

Tangu nipandishe picha za Peugeot 504 ya marehemu baba mkwe ikiwa imevuliwa viti vyote, maswali yamekuwa mengi. Wengine mnauliza bei, wengine mnauliza nesi na gereji wapi na wapi. Leo naandika ya ndani ya gari tu: viti, mikanda na muziki. Ya injini mwulizeni baba watoto, mimi huko sina neno.

Kwa waliojiunga juzi: gari ni la 1976. Peugeot 504 zilianza kutoka Ufaransa mwaka 1968, mwaka uliofuata ikachaguliwa gari la mwaka la Ulaya, na wazee wetu wanaikumbuka zaidi kwa kushinda Safari Rally 1975 na tena 1978. Viti vyake vilisifiwa kwa ulaini, barabara ya mashimo unaisikia kwa mbali. Baba mkwe alipofariki gari lilibaki uani miaka kadhaa, kuku wakawa wanalalia humo. Baba watoto hataki kuliuza na hataki libaki pambo. Anataka liwe gari la kwendea Morogoro kwa bibi, na watoto nyuma. Sasa hapo kwenye "watoto nyuma" ndipo mimi nilipoingia. Tunaye wa miaka 6 na wa miezi 8.

Nianze na vumbi, maana hili watu wanalipita. Viti vilipotoka, chini ya kapeti kulikuwa na sponji iliyosagika kama unga wa muhogo, kinyesi cha panya, na magamba ya rangi. Rangi za miaka ile nyingi zilikuwa na risasi, ile madini, na risasi ikiingia mwilini mwa mtoto inaathiri ubongo. Hakuna kiwango kinachojulikana kuwa ni salama. Mtoto anayetambaa anashika sakafu, anaweka mkono mdomoni, basi. Mkojo wa panya nao una magonjwa yake. Kwa hiyo hakuna kufagia pakavu wala kupiga msasa uani. Lowanisha kwanza kwa maji yenye dawa ya klorini, futa kwa tambara, tambara litupwe. Aliyefanya kazi abadilishe nguo kabla ya kubeba mtoto. Baba watoto alinuna siku ya kwanza, siku ya pili akawa anavua viatu mwenyewe mlangoni.

Na gundi. Ile ya kubandikia leza na kapeti ni jamaa ya gundi ya viatu, ina vimiminika vinavyopaa hewani na kupanda kichwani. Mjamzito asikae hapo, hata kama ni "namletea fundi chai tu". Gari letu lilikaa wiki nzima milango wazi, usiku na mchana, kabla mtoto hajaingizwa. Harufu ya "gari jipya" inayosifiwa sana ni gundi na plastiki, na jua la Dar linaiongeza.

Haya, mikanda. Mbele ilikuwepo miwili ya zamani, ile isiyojikunja yenyewe, uzi umechakaa na vyuma vimeshika kutu. Nyuma hakuna kitu. Fundi viti wetu ni mzee mmoja wa Keko, mikono yake ni ya dhahabu, mshono wake huwezi kuuona ulipoanzia. Nilipomwambia kabla ya kurudisha kiti cha nyuma nataka mikanda, akacheka kwa upole.

"Mama, sisi tumepandishwa humu watoto saba nyuma, bila mkanda, na tupo."

"Ni kweli, mzee wangu, sisi tupo. Wasiokuwepo hawawezi kuja hapa kutusimulia."

Akanyamaza, kisha akamwita fundi bodi.

Naomba hesabu hii muielewe, ni ya darasani tu. Gari likienda kilomita 50 kwa saa na kugonga kitu, nguvu yake ni sawa na kuanguka kutoka mita 10, yaani ghorofa ya tatu. Mtoto wa kilo 8 uliyempakata, gari likisimama ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde, anavuta mikono yako kwa uzito unaozidi kilo 100. Hakuna mama mwenye mikono hiyo. Si suala la upendo wala uzoefu wa kubeba.

Mkanda wa pointi tatu, unaopita begani na kiunoni, ulibuniwa na mhandisi wa Volvo, Nils Bohlin, mwaka 1959, na kampuni ikaruhusu wengine wautumie bila kulipia. Kwa hiyo gari letu linapotengenezwa 1976 mkanda huo ulikuwa na miaka 17. Haikuwa teknolojia ngeni, ni nyuma tu ambako haukuwekwa.

Kilichofanyika ni hiki. Mkanda haushikwi na kiti wala na bati jembamba, unashikwa na mwili wa gari. Pale kwenye bati tupu fundi alichomelea sahani nene ya chuma upande wa chini, ili siku ya kuvutwa bolti isichomoke na kipande cha bati. Bolti za mikanda mingi duniani ni za inchi 7/16, ngumu kuliko bolti za kawaida, usikubali ile ya kuokoteza kwenye kopo. Na mikanda ya mtumba angalia inatoka wapi. Iliyotoka kwenye gari lililopata ajali imeshavutika mara moja, imemaliza kazi yake. Sisi tulinunua mipya, ikawa ndiyo gharama kubwa kuliko leza ya viti vyote. Mama mkwe aliuliza kama mikanda ina dhahabu.

Mdogo anakaa kwenye kiti chake kinachoangalia nyuma, kimefungwa kwa mkanda. Mkubwa anakaa kwenye kiti cha kunyanyulia, ili mkanda upite begani na juu ya nyonga, usimkate shingo wala tumbo. Kiti hicho hakitumiki na mkanda wa kiunoni peke yake; lazima ule wa pointi tatu. Ataachana nacho akifika urefu wa sentimita 135 hadi 150 hivi, kila nchi ina kipimo chake.

Kuhusu kitambaa, mlioniuliza mbona sikuweka leza nyeusi "inayong'aa". Gari la kiyoyozi cha kufungua dirisha, saa nane mchana, mtoto amevaa kaptula? Tulichukua kitambaa kizito cha kahawia katikati na leza pembeni tu. Vyuma vya mikanda navyo nagusa kwanza kwa mkono wangu. Na kwa kuwa gari lililo kwenye matengenezo ni mchezo mtamu kwa watoto wa mtaa mzima: joto ndani ya gari lililofungwa juani hupanda nyuzi 10 hivi ndani ya dakika 10 za kwanza, na mwili wa mtoto hupata joto haraka kuliko wa mtu mzima. Funguo zinakaa kabatini kwangu. Hilo halina mjadala.

Sasa sabufa.

Redio ya asili ilikuwa na spika moja kwenye dashibodi. Baba mkwe alikuwa mtu wa Mbaraka Mwinshehe, na chini ya kiti cha dereva tulikuta kaseti yake imepinda kwa joto. Baba watoto aliishika muda mrefu bila kusema kitu. Mbaraka mwenyewe, mnaojua, alifariki kwa ajali ya gari huko Mombasa, Januari 1979. Sikumkumbusha, nilijua anajua. Lakini Jumamosi iliyofuata akarudi kutoka Kariakoo na amplifaya, sabufa mbili na spika za kuweka nyuma ya vichwa vya watoto. Kwenye boksi imeandikwa wati 3000.

Fundi umeme, kijana mdogo sana, alitupa somo nililolipenda. Angalia fyuzi ya amplifaya, akasema, usisome boksi. Fyuzi ilikuwa ya ampea 30. Zidisha na volti 12 za betri, unapata wati 360 zinazoweza kuingia, na humo nyingine zinapotea kama joto. Hizo 3000 zitatoka wapi? Tulirudisha mzigo, tukabadilishiwa na vitu vidogo vyenye ubora.

Kijana huyo huyo ndiye aliyekataa kuvuta waya wa betri mpaka buti bila fyuzi nyingine karibu na betri, isizidi nusu mita. Waya ule mnene ukipita kwenye tundu la bati bila mpira wa kuukinga, siku moja unakwaruzika, unagusa bodi, na hapo betri yote inamwagika mahali pamoja. Sponji na kapeti vinawaka haraka na moshi wake ni sumu. Mimi nimewahudumia watoto walioungua. Sitaandika zaidi ya hapo.

Tukaja kwenye sauti yenyewe. Nilipakua programu ya kupima sauti kwenye simu, si kipimo cha maabara lakini kinatoa mwanga. Kiti cha nyuma, gari likiwa kilomita 80 kwa saa, bila muziki, simu ilisoma desibeli 76. Ni upepo, matairi, bati linalotetema. Ili baba watoto asikie besi juu ya kelele hiyo, alifungulia mpaka 93. Alikuwa anafurahi kweli, na kile kidogo cha miezi 8 kinapepesa macho tu. Hakiwezi kusema punguza.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani na shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa walitoa kiwango cha vifaa vya kusikilizia: kwa watoto, desibeli 75 kwa saa 40 kwa wiki. Kila zinapoongezeka desibeli 3, muda unakatwa nusu. Kwenye 78 ni saa 20. Kwenye 93 inabaki dakika kama 37, kwa wiki nzima. Dar mpaka Morogoro ni kilomita 190 hivi, ukibahatika na foleni ni saa nne. Kiwango hicho kiliwekwa kwa simu na vifaa vya masikioni, lakini sikio halijui sauti imetoka wapi. Ndani yake kuna chembe za kusikilizia kama 15,000 kila upande, zenye vinyweleo. Zikifa, hazioti tena. Hakuna dawa, hakuna kliniki ya kuzirudisha, na mtoto hatalia wala kushika sikio siku inapotokea.

Nilimwonyesha hesabu kwenye karatasi. Akasema baba yake alikuwa anafungulia mpaka jirani anasikia. Nikamwambia, kwa spika ile moja? Akacheka.

Tulichoamua kimetugharimu kidogo kuliko sabufa ya pili. Milango, sakafu na bati la nyuma vikabandikwa shuka nzito za mpira zenye karatasi ya aluminiamu juu, zinazonyonya mtetemo, halafu kapeti nene. Raba za milango zikabadilishwa zote. Kelele kwa mwendo ule ule ikashuka hadi 69 kwenye simu yangu. Sasa muziki kwenye 77 au 78 unasikika wote, gitaa mpaka pumzi ya mwimbaji. Spika za nyuma ya vichwa hazikufungwa. Sauti inatoka milango ya mbele, na kisabufa kimoja kidogo kipo ndani ya buti kimefungwa kwa bolti, kwa sababu boksi la kilo 15 lisilofungwa nalo linaruka siku ya breki kali. Uso wa redio ya zamani umebaki na vitufe vyake, ndani imewekwa Bluetooth. Kaseti haikupona, lakini ipo kwenye kisanduku cha dashibodi.

Kwa mnaojiuliza kuhusu masikio ya wanenu, hata bila gari: mtoto mchanga anashtuka kwa sauti ya ghafla. Akifika miezi 6 ageukie sauti yako. Akifika mwaka awe anaitika jina lake na kujaribu neno moja mawili. Mkubwa anayesogelea televisheni, anayesema "eeh?" kila mara, au ambaye mwalimu anasema ni mkaidi, apimwe masikio kwanza kabla ya kuadhibiwa. Na sikio linalotoa usaha si la kuwekewa mafuta ya nazi nyumbani, mleteni kituoni.

Sehemu ya 4 ni breki, kwa sababu zile za zamani zina vumbi lenye asbesto na nina mengi ya kusema hapo. Niko zamu ya usiku mpaka Alhamisi, kwa hiyo nitajibu taratibu. Anayeuliza kiti cha mtoto aandike umri, uzito, urefu, na kama gari lake lina mkanda wa pointi tatu nyuma. Bila hayo siwezi kumsaidia vizuri.