Tulivyokisaka cheti cha kijani cha shule ya mama

Fundi alipanda ngazi akiwa na msumeno mdogo, akaanza kuikata dari mpya ya darasa la watoto wa miaka mitatu. Mama alisimama chini, mikono kiunoni, bila kusema neno. Dari ile ilikuwa imepakwa rangi wiki iliyotangulia, kwa fedha zilizotoka kwenye kiinua mgongo chake. Na aliyesababisha ikatwe ni mimi.

Mama alifundisha chekechea kwa zaidi ya miaka 30. Alipostaafu alisema hataki duka wala bodaboda za kukodisha, anataka shule yake mwenyewe, ndogo, ya watoto 80 tu, kwenye kiwanja alichokinunua zamani pembezoni mwa Dar es Salaam. Mimi ndiye niliyeleta wazo la cheti.

Ninaandika habari za afya, na nina mtoto mwenye pumu. Kwa sababu hizo mbili nimeingia kwenye madarasa mengi. Nimesimama chini ya bati lisilo na dari saa nane mchana mwezi Februari, nikaona watoto wamelala juu ya madawati, mwalimu akijipepea kwa daftari. Nimeona vyoo vya shule ambavyo bomba lipo lakini maji hayapo. Nikamwambia mama: kama unajenga upya, tujenge jengo ambalo mtu wa nje anaweza kuja kulipima.

“Mwanangu,” akanijibu, “mzazi anataka mtoto wake ajue kusoma. Cheti cha jengo atakifanyia nini?”

Cheti tulichokilenga kinaitwa EDGE. Kimeanzishwa na Shirika la Fedha la Kimataifa, IFC, ambalo ni tawi la Benki ya Dunia linaloshughulika na sekta binafsi. Sharti lake ni rahisi kulieleza: jengo lako lipunguze angalau asilimia 20 ya nishati, asilimia 20 ya maji, na asilimia 20 ya kaboni inayotokana na kutengeneza vifaa vya ujenzi, ukililinganisha na jengo la kawaida la aina hiyo katika eneo lako. Ukikosa moja kati ya hayo matatu, umekosa cheti.

Wengi wanadhani mambo haya ni ya maghorofa ya vioo katikati ya jiji. Si kweli. Kenya, hosteli za wanafunzi zimejengwa kwa fedha za hatifungani ya kijani iliyoorodheshwa kwenye soko la hisa la Nairobi mwaka 2020, na cheti chao ni hiki hiki. Hata chekechea inaruhusiwa kuomba.

Programu ya kupigia hesabu ni ya bure mtandaoni. Unaingiza ukubwa wa jengo, aina ya ukuta, paa, madirisha, taa na mabomba, nayo inakuonyesha umefikia asilimia ngapi. Ila mkaguzi unamlipa, na taasisi inayotoa cheti unailipa pia. Hapo ndipo mama alipovua miwani na kuniangalia vizuri. Tulikubaliana fedha hiyo niitoe mimi.

Jioni kadhaa tulikaa na mchoraji wa ramani kwenye meza ya chakula. Kwa kuta tulichagua matofali ya udongo na saruji yanayoshindiliwa kwa mashine na kufungamana, yale ambayo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umeyahimiza kwa miaka mingi. Hayachomwi kwa kuni na hayahitaji udongo mwingi wa kuyaunganisha. Paa likawa bati la rangi nyeupe, chini yake mikeka ya kuzuia joto, kisha dari. Madirisha yakawekwa pande mbili zinazotazamana ili upepo upite moja kwa moja, na feni za dari zikachukua nafasi ya kiyoyozi. Vyoo vikawa vya vitufe viwili, kimoja cha maji machache na kingine cha maji mengi, na mabomba ya kunawia yakawa yanayotoa lita nne kwa dakika.

Suala la madirisha nililing'ang'ania kwa sababu nyingine pia. Kifua kikuu na mafua makali husambaa kwa hewa, na chumba ambacho hewa yake inabadilika haraka huwa salama zaidi kwa watoto 20 wanaokohoa pamoja. Kwa bahati nzuri, programu nayo iliyapa madirisha alama, kwa kuwa jengo linalopitisha upepo halihitaji umeme wa kupoza.

Ramani ikapita, tukapata cheti cha awali. Mama akaanza kutabasamu. Lakini cheti cha awali ni cha karatasi tu, kinasema ulichokiahidi. Cha mwisho hutolewa baada ya mkaguzi kufika kwenye jengo na kuona ulichokijenga. Anataka risiti, anataka picha za kila hatua, na hasa picha za vitu vitakavyofunikwa baadaye.

Mkaguzi alikuja asubuhi moja, kijana mtaratibu mwenye daftari. Akafungua bomba la kwanza, akaweka ndoo ya lita 10 na kubonyeza saa ya simu yake. Ndoo ikajaa kwa dakika moja na sekunde saba. Akarudia kwenye bomba la pili, ikawa vilevile. Yalikuwa mabomba ya kawaida, yanayotoa karibu lita tisa kwa dakika. Kisha akaulizia picha za mikeka ya kuzuia joto kabla dari haijafungwa. Hazikuwapo.

“Kama siwezi kuiona, siwezi kuandika kwamba ipo,” alisema kwa upole.

Alipoondoka, nilimgeukia fundi. Sitaandika yote niliyosema. Kwa kifupi nilimwambia kwamba amekula fedha ya mama yangu, kwamba kama mabomba si yale, basi hata mikeka haikuwekwa. Nilisema hivyo mbele ya vijana wake. Fundi, mtu mzima aliyejenga nyumba nyingi mtaani kwetu, alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, “Dada, tukate dari.”

Ndivyo tulivyofika kwenye ngazi na msumeno.

Kipande cha dari kilishuka na vumbi lake. Juu yake mkeka ulikuwepo, unang'aa, umekunjwa vizuri hadi kwenye kona. Tukakata chumba cha pili, nako ukawepo. Fundi alifanya kazi ile sawasawa na ramani, ila hakuipiga picha. Nilikuwa nimemwambia apige picha kila siku na kunitumia, lakini sikumweleza ni za nini. Alidhani nataka za kuwaonyesha ndugu, kwa hiyo alinitumia picha za kuta zikipanda na za vijana wakicheka.

Na mabomba? Fundi alitoa simu yake, akatafuta ujumbe wa sauti. Ilikuwa sauti yangu mwenyewe, ya miezi miwili nyuma, nikiwa kwenye daladala baada ya kazi: “Fundi, hela imebana mwezi huu, mabomba chukua tu ya bei ya kawaida.” Nilikuwa nimesahau kabisa. Mama alisikiliza ujumbe ule mara mbili, akaniangalia, akaingia ndani kuchemsha chai.

Niliomba radhi pale pale, mbele ya vijana walewale. Fundi akasema, “Siku nyingine niulize kwanza.” Maneno hayo bado yananiuma.

Kurekebisha hakukuwa kugumu kama tulivyohofia. Hatukubadilisha mabomba, tulifunga vichujio vidogo mdomoni mwa kila bomba, vinavyochanganya maji na hewa. Tukapima tena kwa ndoo ileile: dakika mbili na nusu. Mama, mwalimu wa hesabu za vidole, alichukua kalamu. Watoto 80, kila mmoja ananawa mara nne kwa siku kwa sekunde 20. Kwa mabomba ya awali ni lita 960 kwa siku. Kwa vichujio ni kama lita 427. Kwa siku 19 za masomo tunaokoa zaidi ya boza zima la lita 10,000, na kwetu maji ya mgao yakikatika tunanunua ya boza. Tangu siku hiyo hakuuliza tena cheti ni cha nini.

Cheti cha mwisho kilitoka. Kimetundikwa ofisini, karibu na picha ya darasa lake la kwanza.

Lakini kama mwandishi wa afya, nina jambo la kukuambia wewe mzazi unayetafuta shule: cheti kile kinapima maji, nishati na vifaa. Hakipimi harufu ya rangi mpya, vumbi la barabara iliyo jirani, wala moshi wa jikoni. Kipo kingine cha Marekani, LEED, ambacho kina alama za hewa ya ndani, lakini nacho hakikai darasani kuona kama mwalimu anafungua madirisha.

Kwetu sisi, jiko la uji lilikuwa la mkaa, hatua chache kutoka darasani, na jengo lilipata cheti likiwa hivyo hivyo. Siku ya pili ya shule mwanangu alirudi nyumbani anapiga miluzi kifuani. Tumehamia gesi, na jiko tumelisogeza nyuma ya jengo, upande ambao upepo unatoka. Serikali ina mkakati wa kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034, lakini mapafu ya mtoto wa miaka mitatu hayawezi kuusubiri mwaka huo.

Kwa hiyo ukienda kuangalia shule, usiridhike na karatasi ya ukutani, hata kama ni nzuri kama ya mama. Nenda saa nane mchana, simama darasani dakika tano. Tazama kama madirisha yako pande mbili na kama yanafunguka. Fungua bomba la choo cha watoto. Uliza uji unapikwa kwa nini na wapi. Uliza darasa lilipakwa rangi lini.

Na kama unajenga, hata chumba kimoja cha kupangisha, mweleze fundi picha unazozitaka ni za nini. Fundi wetu sasa anapiga picha kila kitu kabla hajakifunika, anaziweka kwenye simu kwa tarehe. Anasema wateja wake wapya wanaziulizia. Kiraka cha dari bado kinaonekana kidogo ukiingia darasa la watoto wadogo, upande wa kushoto. Mama amekataa kisipakwe rangi tena.