Jiko Lako Linapumua?

Tukikutana sokoni au baada ya ibada huulizana habari za watoto, za mifugo na za shamba. Ni nadra mtu kumwuliza mwenzake, "Dohani yako inaendeleaje?" Swali hilo huchekesha. Lakini kwa ninayoyaona katika kazi yangu, lingeweza kuwapunguzia watoto wetu safari za hospitali.

Nimekuwa muuguzi kwa zaidi ya miaka ishirini. Siku za Jumamosi, mimi na wenzangu wa umoja wa wanawake wa usharika huwatembelea wagonjwa na akina mama waliojifungua. Hapa Shirimatunda mitungi ya gesi imeingia katika nyumba nyingi, nasi tunashukuru. Hata hivyo makande, maharage, ndizi za wageni na maji ya kuoga wakati wa baridi ya mwezi wa saba, vyote hivyo bado tunavirudisha kwenye kuni. Ndiyo maana wengi tunalo jiko la udongo au la matofali lenye dohani ya kutoa moshi nje. Ni jiko zuri. Likijengwa vizuri, hula kuni kidogo kuliko mafiga matatu, tena halichagui: matawi ya migrevilea na ya mikahawa iliyopogolewa, magunzi, hata mabua kutoka shamba la tambarare.

Shida ni kwamba likishajengwa, tunadhani kazi imekwisha.

Nilimtembelea mama mmoja kijana ambaye mtoto wake wa mwaka mmoja na nusu alikuwa ametibiwa nimonia mara mbili katika muda wa miezi michache. Nilipomwuliza anapikia nini, alijibu kwa fahari, "Mama, sisi tuna jiko la dohani. Moshi hautusumbui." Tukaingia jikoni. Ukuta wa nyuma ya jiko ulikuwa mweusi mpaka kwenye bati. Alipowasha moto, moshi ulitokea mdomoni mwa jiko na kwenye ufa uliozunguka tundu la sufuria. Nje, kwenye ncha ya bomba, haukuonekana hata kidogo. Wakati wote huo mtoto alikuwa mgongoni mwa mama yake. Kesho yake baba wa mtoto alipanda ngazi, akashusha karibu nusu ndoo ya masizi na kiota cha ndege.

Siwezi kusema kwamba masizi yale peke yake ndiyo yaliyoleta ugonjwa. Nimonia huletwa na vijidudu. Lakini moshi hudhoofisha mapafu, na vijidudu hupata njia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020, na zaidi ya 237,000 kati yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano.

Je, kuwa na jiko bora kunatosha? Huko Guatemala, utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba majiko ya dohani yalipunguza nimonia kali kwa watoto. Majiko hayo yalikaguliwa kila wiki na kutengenezwa yalipoharibika. Huko Odisha, India, watafiti walifuatilia kaya zilizopewa majiko ya namna hiyo kwa miaka minne. Mwaka wa kwanza moshi waliouvuta wapishi ulipungua. Baadaye nafuu hiyo ikatoweka, kwa sababu majiko hayakutumiwa sawasawa wala kutunzwa. Kwa hiyo dawa haikuwa jiko peke yake. Utunzaji nao ulikuwa sehemu ya dawa.

Nawaeleza ninavyofanya kwangu. Kila asubuhi kabla ya kuwasha moto huzoa majivu, kwa maana yakijaa huziba hewa na kuni hutoa moshi. Huyaweka kwenye ndoo ya bati, kamwe si ya plastiki, mbali na watoto, kwa kuwa kaa la moto hujificha ndani yake. Yakipoa huenda kwenye migomba.

Kila wiki hukagua nyufa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa jiko maneno hayo ni kweli kabisa. Huchanganya udongo wa kichuguu na mchanga kidogo na maji, nikalowesha ufa, nikausiriba na kuuacha ukauke.

Kila mwezi, jiko likiwa limelala bila moto usiku kucha, bomba husuguliwa kwa kipande cha gunia kilichofungwa kwenye mti mrefu. Masizi mengi yakishika moto yanaweza kuunguza paa. Ninapokuwa na shaka, huwasha kijiti mdomoni mwa jiko: moshi wake ukivutwa ndani, jiko linapumua, ukinirudia usoni, bomba limeziba.

Tena, kuni zikauke. Kuni mbichi huweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake, na masizi yake hunata bombani kama lami. Pasua na upange kuni chini ya paa kabla ya masika. Na tusimimine mafuta ya taa kwenye moto uliogoma. Nimefunga vidonda vingi vya moto wa namna hiyo.

Katika nyumba nyingine mama mkwe husema, "Mwanangu, moshi ukiisha, mahindi ya darini yataliwa na fukusi." Hasemi uongo, wazee wetu walihifadhi nafaka hivyo. Tumjibu kwa heshima, tukayakaushe mahindi vizuri na kuyatia kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Na akina baba? Dohani iko juu ya paa, na ngazi ni yao. Mwambie mumeo kwa upole, siku ambayo hana haraka.

Mtoto akipumua kwa haraka, kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, au akikataa kunyonya, usingoje. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Na usiku wa baridi, jiko la mkaa lisiingizwe chumbani. Hewa yake yenye sumu haina harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini.

Gesi na umeme ni bora zaidi, na serikali yetu imeweka lengo kwamba ifikapo mwaka 2034 Watanzania 80 kwa 100 wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Tukisubiri siku hiyo, watoto wetu wanapumua leo. Hebu, mama, wiki hii washa moto, kisha toka nje uitazame dohani yako. Moshi unatokea wapi?