Kutoka Ashby hadi Kimara: Nani Anamlipa Msaidizi?

Ukishuka treni katika kituo cha Ashby, kusini mwa mji wa Berkeley, California, huna haja ya kuuliza njia. Unapanda lifti, na jengo unalolitafuta liko hapo hapo, limeunganishwa na kituo. Milango inajifungua yenyewe. Katikati ya ukumbi kuna njia nyekundu ya mteremko iliyojizungusha kama chatu hadi ghorofa ya juu, pana kiasi kwamba viti mwendo viwili vinapishana na wenyewe wanaendelea kupiga soga. Jengo linaitwa Ed Roberts Campus, lilifunguliwa mwaka 2010, na ndani yake zimo asasi kadhaa za watu wenye ulemavu. Mojawapo ni Center for Independent Living, iliyoanzishwa mjini humo mwaka 1972.

Nilifika na swali la Kibongo: hawa watu wanaishije bila ndugu?

Kwanza habari za mwenye jina. Ed Roberts aliugua polio mwaka 1953, akiwa na miaka 14. Ikamwacha amepooza kuanzia shingoni kushuka chini, na usiku alilala ndani ya mashine kubwa ya chuma iliyomsaidia kupumua. Chuo Kikuu cha California kilipompokea mwaka 1962 hakikuwa na bweni la kuingiza mashine hiyo, akapewa chumba katika hospitali ya chuo, Cowell. Wenzake wenye hali kama yake wakafuata. Wakajiita Rolling Quads, wakaanza kudai mambo madogo madogo: ukingo wa barabara ukatwe ili kiti kipite, pawe na fundi wa kutengeneza viti, wapewe uwezo wa kuajiri wasaidizi wao wenyewe. Kutoka hapo ndipo asasi ile ya mwaka 1972 ikazaliwa. Mwaka 1975 gavana Jerry Brown akamteua Roberts kuongoza idara ya jimbo ile ile iliyowahi kumkataa kwa hoja kwamba ulemavu wake ni mkubwa mno, hataweza kufanya kazi kamwe.

Hata hivyo hawakupewa vitu hivi kwa huruma. Sheria ya Marekani ya mwaka 1973 ilikuwa na kifungu namba 504, kilichokataza taasisi inayopokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa ulemavu wake. Kanuni za kukitekeleza zikakaa karibu miaka minne bila saini. Aprili 1977 mwanaharakati Judy Heumann na wenzake zaidi ya 100 wakaingia katika jengo la serikali San Francisco, wakagoma kutoka kwa wiki kadhaa. Simu zilipokatwa, viziwi wakapeleka habari nje kwa lugha ya alama kupitia madirishani. Chama cha Black Panther kikawaletea chakula cha moto. Waliokuwa hawana wasaidizi wao mle ndani wakalishwa na kugeuzwa usiku na wagomaji wenzao. Tarehe 28 ya mwezi huo huo kanuni zikasainiwa.

Nirudi kwenye swali langu. Jibu la Berkeley ni msaidizi wa kulipwa. California ina mpango wa serikali ambao mtu mwenye ulemavu na kipato kidogo hupangiwa saa za kusaidiwa: kuoga, kuvaa, kupikiwa, kupandishwa kwenye kiti. Serikali inalipa mshahara, lakini anayemchagua msaidizi, anayempangia kazi na anayemwachisha ni yule anayesaidiwa. Asasi inakusanya majina ya wanaotafuta kazi hiyo, inamfundisha mgeni namna ya kumsaili mtu kabla ya kumkabidhi funguo za nyumba, inasaidia kutafuta nyumba ya kupanga na kujaza fomu. Wanaofundisha ni watu wenye ulemavu waliokwisha kupita njia hiyo. Tena ni sharti: kituo cha namna hii kinachopokea fedha za serikali kuu lazima wengi wa wajumbe wa bodi yake na wengi wa wafanyakazi wake wawe watu wenye ulemavu.

Lililonishangaza ni jingine. Wengi wa wasaidizi wanaolipwa na mpango huo ni ndugu. Mama mmoja niliyekaa naye kwenye ukumbi ule aliniambia msaidizi wake wa asubuhi ni mtoto wa dada yake. Nikamuuliza, kwa ujasiri wa mgeni, kama haoni vibaya serikali kulipia kazi ya ndugu. Akaniuliza: huko kwenu wapwa hawali? Kisha akaniambia, bila hasira, kwamba kabla ya huyo alikuwa na mwingine, ndugu pia, akamwachisha kwa kuchelewa. Mimi nilibaki na hilo la kumwachisha. Sijawahi kumsikia mtu wa kwetu aliyelala kitandani akisubiri kuamshwa, halafu akawa na uwezo wa kumwambia ndugu yake: kesho usije.

Nisiwapambe kupita kiasi. Pembeni ya barabara kuu za Oakland, mwendo mfupi kutoka Ashby, niliona mahema ya wasio na makazi, na nje ya baadhi yake viti mwendo vimeegeshwa. Kodi ya nyumba za pale inawatoa jasho hata wenye mishahara. Na ukimya wa majumba yale mimi nisingeuweza. Mtu anaweza kuwa na mteremko mlangoni, lifti, kiti cha betri, na asigongewe mlango na jirani wiki nzima.

Mombasa ni hadithi nyingine. Ukivuka daraja la Nyali kuelekea Malindi unafika Bombolulu, karakana za Association for the Physically Disabled of Kenya, chama kilichoanza mwaka 1958. Karakana zenyewe ni za mwaka 1969. Hapa hoja ya kwanza ni kazi: vito vya shaba, mikoba ya ngozi, vitambaa, vinyago, na watalii wanaoletwa kutazama nyumba za asili za makabila ya Kenya. Mafundi wana mikono ya dhahabu. Udhaifu wa mfumo huu ni kwamba mshahara wa fundi umefungwa kwenye oda za Ulaya na idadi ya watalii, mambo mawili ambayo Mombasa haiyatawali.

Chama hicho kinatengeneza pia viti mwendo, na kiti cha kupita kwenye kokoto na mchanga ni kitu tofauti kabisa na kile cha hospitali. Hapa Berkeley na Afrika zinagusana kweli. Mhandisi Ralf Hotchkiss, Mmarekani wa huko huko ghuba ya San Francisco ambaye mwenyewe anatumia kiti, alikwenda Nikaragua mwaka 1980, akakuta vijana wanne wanatumia kiti kimoja kwa zamu. Akaanza kubuni, pamoja na watumiaji wa nchi nyingi, viti vinavyoweza kuchomelewa na kutengenezwa katika karakana za kawaida. Gurudumu dogo la mbele la viti hivyo, la mpira na pana ili lisizame mchangani, linaitwa gurudumu la Zimbabwe, kwa kuwa wazo lake lilitoka huko. Kwa hiyo Afrika nayo iliwafundisha Wamarekani kutengeneza kiti.

Kenya inagawa pia fedha taslimu: shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi kwa kaya yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa, chini ya mpango wa Inua Jamii. Ni kidogo, na zinapitia kwa mlezi. Lakini serikali imekiri kwa maandishi kwamba kumhudumia mtu kunagharimu, na huo ni mwanzo ambao Tanzania Bara bado inausogelea polepole.

Iringa nilikwenda kwa ajili ya Neema Crafts, kazi ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana iliyoanza mwaka 2003 na vijana watatu viziwi wakitengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Leo kuna mgahawa, vitanda vya mfumi, duka na nyumba ya wageni. Mgahawani wahudumu ni viziwi. Unaandika agizo lako kwenye karatasi, au unajaribu alama zinazofundishwa ukutani, na anayehangaika ni wewe unayesikia. Mzee mmoja wa meza ya jirani, mwenye suti, aliagiza chai kwa kupaza sauti mara mbili, halafu akaishika kalamu kwa adabu kubwa. Hakuna semina ya uelewa inayofanya kazi hiyo kwa haraka hivyo. Swali langu kwa Neema, kama kwa Bombolulu, linatokana na lile sharti la Berkeley: kwenye meza ya maamuzi, wengi ni nani? Mradi ulioanzishwa na kanisa au wafadhili una haki ya kuchukua muda wake, lakini siyo milele.

Dar es Salaam nilisafiri na rafiki yangu, fundi simu anayeishi Mbezi, anayetumia kiti mwendo. Ndani ya kituo cha mwendokasi Kimara mambo ni mazuri: sakafu ya jukwaa iko sawa na mlango wa basi, kiti kinaingia bila kubebwa. Anayekumbuka enzi za konda kumwambia abiria wa namna hiyo "subiri inayofuata" ataiheshimu mwendokasi kwa hilo pekee. Tabu iko kabla na baada. Kutoka kwake hadi kituoni kuna mchanga, mfereji ulio wazi, na bodaboda zilizoegeshwa juu ya mteremko wenyewe. Kivukoni, tukiwa tunasubiri, mama mmoja mpita njia alimwambia "pole baba" na kumwekea shilingi mia tano mapajani. Fundi akazipokea kwa heshima, akazipeleka mfukoni. "Nikimrudishia ataumia," akasema, "na mimi nitachelewa kazini."

Anayemsukuma ni mtoto wa dada yake, binti aliyeacha shule kidato cha pili. Ni mpole, ana nguvu, anajua kila shimo la njia ile. "Mjomba, twende?" anamuuliza kila tunaposimama. Nikamuuliza fundi, binti akiwa mbali, kama analipwa.

"Alipwe na nani, kaka? Si anakula hapa?"

Hilo ndilo nililoliandika kwa herufi kubwa. Mpwa wa Berkeley na mpwa wa Mbezi wanafanya kazi ile ile, asubuhi ile ile, kwa upendo ninaouona ni sawa. Mmoja ana mshahara na anaweza kuachishwa, na yeye mwenyewe anaweza kuacha. Mwingine hana shule wala mshahara, na mjomba wake hawezi kumkosoa, maana atakosoa vipi msaada wa bure?

Vyama vyetu havijalala. SHIVYAWATA inaunganisha vyama vya wasioona, viziwi, wenye ualbino na wengine, na viongozi wake wanatoka miongoni mwa wanachama. Visiwani Zanzibar, chama cha UWZ kiko kazini tangu mwaka 1985. Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, ambao ibara yake ya 19 inataja haki ya kuishi katika jamii na kupata msaidizi. Sheria ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi kuanzia 20 awe na asilimia 3 ya watu wenye ulemavu. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo, na 2 kati ya hizo ni za watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023, ikarejeshwa 2024. Lakini tazama vyote hivyo: ni kazi, mtaji na kifaa. Mkopo unamfaa aliyekwisha kuamshwa, kuogeshwa na kufikishwa sokoni. Wa kumfikisha hayumo kwenye bajeti.

Kwa hiyo, ndugu diwani unayesoma haya, bajeti ijayo ikija mezani, waite viongozi wa vyama hivi katika kata yako na uwaulize ni mabinti wangapi wameacha shule kusukuma viti vya wajomba zao. Kisha anzeni na kata moja tu: mlipeni msaidizi, na mwachieni mwenye kiti amchague.