Handaki la Maji la Baddesley Clinton

Picha za vitabu vya shule zimetuzoesha kuamini kwamba handaki la maji kuizunguka nyumba ya kale ya Ulaya ni jambo la vita tu. Lakini mashambani Uingereza zipo sehemu zaidi ya 5,000 zilizokuwa na mahandaki ya namna hiyo, mengi yakiwa yamechimbwa kati ya mwaka 1250 na 1350, na wenyewe hawakuwa majemadari. Walikuwa watu wa ardhi waliotaka mpita njia ajue kuwa hapa anakaa mtu mwenye hadhi. Handaki lilizuia wezi, lilifugiwa samaki, na lilipokea maji machafu ya nyumba. Hayo mawili ya mwisho kukaa pamoja, msomaji, tuyaache.

Mwaka 1988, nikiwa masomoni Birmingham, tulipelekwa kuitazama Baddesley Clinton, katika jimbo la Warwickshire. Ni nyumba ya mawe, kuta zake zimesimama majini, na huingii ila kwa daraja. Mimi nilivutwa zaidi na mfereji mwembamba ulio chini yake, uliokuwa ukitoa uchafu kwenda handakini.

Oktoba 1591, Malkia Elizabeth wa Kwanza akitawala, kuwa padri Mkatoliki nchini humo kulikuwa kosa la kunyongwa. Alfajiri moja wapekuzi waliigonga nyumba hiyo, na ndani walikuwamo mapadri Wajesuiti kadhaa, akiwemo mkuu wao, Henry Garnet. Mwenzake John Gerard alipona akaandika habari hiyo. Walivigeuza vitanda, upande wa baridi ukae juu, ili mpekuzi akitia mkono asikute joto la mtu. Kisha wakashuka mferejini, wakasimama miguu ikiwa majini kwa muda wa saa nne hivi. Huko juu watumishi waliushikilia mlango, wakisema bibi mwenye nyumba hajaamka. Wapekuzi walipekua kila chumba wasione kitu, na bado wakalipwa ujira wao kabla ya kuondoka.

Niliporudi niliwasimulia wanachuo wangu. Wengi walikipenda kisa cha vitanda. Binti mmoja, mkimya siku zote, aliuliza majina ya wale watumishi walioshika mlango. Ya mapadri nilikuwa nimeyaandika ubaoni. Ya watumishi sijayakuta hadi leo.