Harufu Kali Siyo Usafi

Akina mama wenzetu, wahenga walisema mganga hajigangi. Tulidhani methali hiyo inawahusu wengine, mpaka Jumamosi moja ilipotukuta sebuleni kwetu.

Siku hiyo ilikuwa zamu yetu kuwapokea akina mama wa kanisa kwa ibada ya nyumbani, saa nne asubuhi. Saa tatu na nusu tukagundua kwamba paka wetu amekojoa nyuma ya kochi na kuacha kinyesi pembeni. Mwenye paka anaijua harufu ile. Kwa aibu na haraka tukachukua chupa ya jiki, tukaimimina juu ya mkojo bila hata kuufuta. Harufu ilipozidi, tukaongeza dawa kali ya kusafishia choo.

Hazikupita dakika mbili. Macho yakaanza kuwasha na koo kubana. Kitinda mimba wetu mwenye pumu, aliyekuwa akicheza mlangoni, akaanza kukohoa na kupumua kwa shida. Tulimbeba mbio hadi uani, tukampa dawa yake ya kuvuta, tukampeleka zahanati. Mungu ni mwema. Jioni alikuwa akicheza tena. Lakini sisi hatukupata usingizi. Miaka zaidi ya ishirini tumevaa sare ya uuguzi na kuwafundisha akina mama kliniki, kumbe nyumbani kwetu hatujamfundisha mtu, na wa kwanza kukosea ni sisi wenyewe.

Kilichotokea ni hiki. Jiki ina klorini, na mkojo wa paka una amonia. Vikikutana hutoa gesi inayochoma macho, koo na mapafu. Dawa nyingi za choo zina asidi, nayo ikikutana na jiki hutoa gesi ya klorini, ambayo yaweza hata kuua. Kwa hiyo jiki haichanganywi na kitu chochote isipokuwa maji baridi.

Usiku ule mke wa kijana wetu, mwenye mimba ya miezi minne, alitufuata jikoni. "Mama," alisema kwa sauti ya chini, "mbona mimi ndiye ninayemwaga mchanga wa paka siku zote? Hakuna ubaya?"

Tulikosa la kusema. Kinyesi cha paka chaweza kuwa na vijidudu viitwavyo toksoplasma. Mama akivipata kwa mara ya kwanza akiwa mjamzito, vyaweza kumfikia mtoto tumboni, vikadhuru macho au ubongo wake, au mimba ikaharibika. Jumatatu tulimsindikiza hospitali. Kipimo cha damu kilionyesha hana maambukizi, tukamshukuru Mungu kwa machozi. Leo mtoto wake anakimbizana na paka yuleyule.

Hatukumfukuza paka, wala wewe usimfukuze wa kwako. Vijidudu hivyo hupatikana pia katika nyama isiyoiva vizuri na mboga zisizooshwa. Tulichobadili ni namna ya kusafisha. Sasa tunafanya hivi:

1. Tunawatoa watoto na kufungua madirisha. Anayesafisha huvaa glavu za mpira. Mjamzito hapewi kazi hii. Akikosekana mwingine, avae glavu na kunawa vizuri baadaye.

2. Tunaondoa uchafu kwanza. Mkojo tunaukausha kwa magazeti makuukuu, kinyesi tunakizoa kwa karatasi. Hatukifagii kikiwa kikavu, vumbi lake lisije likaruka. Tunakitupa katika choo cha shimo, au tunakifukia mbali na kisima na bustani ya mboga.

3. Tunaosha kwa maji na sabuni, kisha tunasuuza vizuri. Jiki juu ya uchafu ni kazi bure, na juu ya mkojo ni hatari.

4. Sakafu ya saruji ikishasuuzwa, tunapitisha jiki iliyozimuliwa kwa maji kama ilivyoandikwa kwenye chupa, tunaiacha dakika kumi, tunasuuza tena. Zulia tunaliosha kwa sabuni tu na kulianika juani.

5. Mchanga wa paka unamwagwa kila siku, kwa kuwa toksoplasma huchukua siku moja hadi tano kabla ya kuweza kuambukiza. Beseni lake tunalimwagia maji yanayochemka, maana jiki haiviui vijidudu hivyo.

6. Mwishoni tunanawa mikono kwa sabuni, hata kama tulivaa glavu.

Wenye mbwa msisahau uani. Kinyesi cha mbwa huwa na mayai ya minyoo, na viluwiluwi vya safura hupenya nyayo za mtoto anayecheza pekupeku. Kizoeni kila siku, na mwulizeni bwana mifugo dawa ya minyoo. Na kuku wanaolala jikoni wahamishiwe bandani, kwani kinyesi chao huleta ugonjwa wa kuhara.

Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 23, Waisraeli waliagizwa wawe na chombo cha kuchimbia na kufukia uchafu wao nje ya kambi. Kwanza uondoe uchafu: agizo la zamani, nasi tulilisahau kwa kuogopa wageni.

Ibada ile tuliifanya wiki iliyofuata, chini ya mwembe. Kabla ya kufunga kwa sala tuliwaeleza wenzetu yote, na aibu yetu pia. Mama mzazi, usingoje yakukute. Leo jioni waite watoto, wakwe na msaidizi wako wa nyumbani, uwaonyeshe chupa ile ya jiki na kuwaambia: hii na maji tu.