Ngoma ya Watoto Haikeshi

Wazee walipotaka kupima uzito wa jambo la vijana walisema kwamba ngoma ya watoto haikeshi. Maana yake ni wazi. Jambo lililoanzwa na watu wasio na uzoefu, kwa zana hafifu, halina nguvu ya kufika asubuhi. Mithali hii ni kweli mara nyingi, na mtu aliyeona mengi hawezi kuidharau. Lakini iko ngoma moja ya watoto ambayo kesi yake ilipata kusikilizwa katika nyumba moja ya Matwebe, wilayani Rungwe, chini ya bati lililokuwa likipigwa na mvua. Mdai na mdaiwa walikuwa mtu na mwana wa dada yake, na hakimu hakuwapo.

Mtu huyo sasa ni mkulima wa ndizi na maparachichi. Katika miaka ya 1990 alikuwa mchukuzi wa mizigo Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 800 kutoka kwao. Mchana alibeba magunia, na usiku alipiga kinanda katika kikundi cha mchiriku. Jina la kikundi hicho halikuvuka mitaa miwili. Mwimbaji wake alikuwa rafiki aliyelala naye chumba kimoja na kula naye sahani moja, na ambaye alifariki akiwa bado barobaro. Baada ya mazishi mpiga kinanda alirudi Matwebe na vitu vitatu: kinanda chenyewe, ambacho sasa vibonye vyake viwili havilii tena, redio ya kaseti, na kaseti moja. Kaseti hiyo huifunga katika kitambaa, akaipiga mara chache kwa mwaka, kwa kuwa kila ipigwapo hulika kidogo.

Kwa wasioujua, mchiriku ni muziki uliokua katika mitaa ya watu maskini ya Dar es Salaam kutokana na ngoma za Wazaramo. Roho yake ilikuwa kinanda kidogo cha Casio, chombo kilichotengenezwa Japani kwa ajili ya wanaojifunza na watoto wanaocheza. Vijana wasio na fedha za kununua magitaa walikichukua kitu hicho cha kuchezea, wakakiunganisha na vipaza sauti vya mdomo mpana, wakatafuta ngoma ndogo ndogo na kigoda cha kupigwa kwa vijiti. Palipokosekana umeme, betri ya gari ilitosha. Kinanda kilikwaruza na kulia kupita kiasi, na watu wa heshima waliita sauti hiyo kelele za wahuni. Hata hivyo nyimbo zenyewe zilitaja mambo ambayo wenye heshima hawakuyataja: njaa, dawa za kulevya, maradhi, na mapenzi yaliyoshindwa na kodi ya chumba. Kikundi cha Jagwa Music cha Mwananyamala, kilichoanzishwa mwaka 1992, kilishikamana na zana hizo hata santuri yake, Bongo Hotheads, ikatolewa Brussels mwaka 2012. Vikundi vingine vingi vilikufa bila santuri.

Mpwa alifika Matwebe wakati wa likizo kutoka chuoni Mbeya. Baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya chakula, mjomba alifungua kitambaa, akaiweka kaseti. Kijana alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Alipoulizwa ameuonaje muziki, alijibu hivi:

"Ni mzuri, Mjomba. Ila unatembea."

"Unatembea namna gani?"

"Unatembea kwa miguu. Sisi siku hizi tunakimbia."

Neno hilo lilimchoma mjomba. Mtu aliyezeeka hustahimili kuambiwa kwamba nguo zake ni za zamani, kwa sababu nguo hununuliwa. Kuambiwa kwamba furaha yake ni ya zamani ni kitu kingine, kwani furaha ni sehemu ya mwili wake. Akauliza, kwa sauti ya kutaka kumaliza mazungumzo, kama basi vijana hawautaki tena mchiriku.

"Wanautaka," kijana akasema, "lakini hawajui kwamba ndio wanaoutaka."

Hapo alitoa simu yake akampigia singeli. Muziki huu ulitoka katika mitaa ile ile, Manzese, Tandale na Mburahati, katika miaka ya 2000. Mafundi wake walichukua vipande vya taarabu na vya mchiriku, wakavizungusha ndani ya kompyuta, wakavikimbiza hata vikapita mapigo 200 kwa dakika, na pengine kukaribia 300. Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga mara 60 hadi 100 tu. Mwaka 2017 kazi za studio ya Sisso ya Mburahati zilitolewa kwa jina la Sounds of Sisso na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, na baada yake wapigaji wa singeli walipanda majukwaa ya Ulaya. Mjomba alisikiliza akiwa amekunja uso. Mara akainua kidole. Katikati ya mbio zile alikuwa amesikia kinanda chembamba kinachokwaruza, na mkono wake wa kulia, bila kuamriwa, ukaanza kutafuta vibonye juu ya meza.

Kijana aliona kwamba mlango umefunguka kidogo, akaingiza hoja yake ya pili. Chuoni alikuwa amejifunza kuupenda muziki uitwao tekno, na tekno ya kale hasa. Akaeleza kwamba ilianza katika miaka ya 1980 mjini Detroit, Marekani, mji wa viwanda vya magari uliokuwa ukipoteza kazi na watu. Waanzilishi wake wanaotajwa zaidi, Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson, walikuwa vijana weusi waliosoma pamoja Belleville, mji mdogo wa jirani. Nao pia walitumia zana zilizodharauliwa. Mashine ya ngoma ya Roland TR-808 ilitengenezwa Japani kuanzia mwaka 1980, na mwaka 1983 ikaachwa. Wengi waliona kwamba ngoma yake haifanani na ngoma, na bei yake katika vitu vilivyokwisha kutumika ikaanguka hata vijana wakaimudu. Kutokana na ufukara huo wa sauti walijenga muziki ambao mwaka 1988 ulikusanywa katika santuri moja Uingereza, na jina la tekno likaenea.

Kisha akapiga Strings of Life ya Derrick May, kazi ya mwaka 1987. Mjomba alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akauliza swali ambalo ni fundi tu awezaye kuliuliza:

"Mbona hakuna besi?"

Kijana alistaajabu, kwa kuwa ni kweli. Wimbo huo unajulikana kwa kukosa kwake besi.

"Hata sisi hatukuwa nayo," mjomba akasema. "Tungeiweka, spika zetu zingepasuka."

Akaomba urudiwe. Ikawa hivyo kwamba siku ile, Matwebe, tekno ya kale ilimpata msikilizaji mpya mwenye umri zaidi ya miaka hamsini, wakati kijana wa miaka ishirini na miwili akiitetea mbele yake kama wakili.

Je, muziki wa namna hiyo ungali unawavuta vijana? Ukitazamwa kwa mbali, jibu ni ndiyo. Tamasha la Detroit lililoanza mwaka 2000 limeendelea kukusanya watu wa rika nyingi, na mwaka 2024 tekno ya Berlin, binti wa ile ya Detroit, iliandikwa katika orodha ya urithi wa utamaduni wa Ujerumani. Lakini jambo linaloandikwa katika orodha ya urithi lazima liogopewe kidogo, maana watu huhifadhi kile wanachohofia kukipoteza. Uhai wa hakika hupatikana mahali pengine. Ngoma ya ile TR-808 iliyodharauliwa husikika leo katika nyimbo za vijana wasiopata kusikia jina la tekno, na kinanda cha mchiriku hulia ndani ya singeli kwa watoto waliozaliwa baada ya vikundi vyake vingi kufa. Wachache huupenda muziki wa kale kwa kuuketia na kuusikiliza. Wengi huupenda kwa kuubomoa na kujengea.

Kubomolewa kuna maumivu yake, na maumivu hayo yalifika nyumbani siku ya tatu. Kijana aliomba kaseti. Alitaka kuiingiza katika kompyuta, achukue kipande cha kinanda, akikimbize, akipige katika harusi ya jirani. Mjomba akauliza sauti ya marehemu itawekwa wapi. Kijana akajibu kwa unyofu wa vijana kwamba sauti itaondolewa, kwa sababu itamharibia mwendo.

Mjomba akaifunga kaseti katika kitambaa, na kwa siku mbili watu hao wawili walizungumza habari za mvua tu.

Ni vema kumtetea mzee huyo kabla ya kumlaumu. Kwa mpwa wake kaseti ile ilikuwa mapigo na mlio. Kwake yeye ilikuwa mahali pekee duniani ambapo rafiki yake alikuwa bado anavuta pumzi. Marehemu hakuacha mtoto wala picha nzuri, na wimbo wake ulieleza chumba chao, deni lao na dada aliyekataa kuolewa naye. Wimbo ukikatwa maneno, hasara hiyo hailipwi na kucheza kwa watu elfu. Wanaosema kwamba muziki wa kale umeishi kwa kuwa mdundo wake umeishi husahau kuuliza habari za waimbaji.

Kwa upande mwingine, nchi yenyewe ya Rungwe ilipata kuwa na shauri juu ya neno hili. Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti kati ya Wanyakyusa katika miaka ya 1934 hadi 1938, walikuta desturi ambayo Monica aliieleza katika kitabu chake Good Company cha mwaka 1951. Wavulana walipofikia kama miaka kumi au kumi na mmoja hawakulala tena kwa baba zao. Walikwenda pembeni na watu wa rika lao, wakajenga vibanda vyao, na kibanda baada ya kibanda kikawa kijiji. Huko walijifunza ukwangala, yaani raha na adabu ya kukaa na wenzi. Lakini walirudi makundi kwa makundi kula kwa mama zao, na walilima mashamba ya baba zao. Miaka ikapita, na siku ya sherehe kuu wazee wakawakabidhi madaraka ya nchi, wakasogea kando kuwapisha.

Vijiji vya rika havipo tena, ila hekima yake yafaa kukumbukwa. Kijana hakuitwa mwasi kwa kulala kwake mwenyewe, wala mzee hakuhesabiwa kuwa ametupwa kwa sababu kijana hakulala kwake. Lililotazamwa ni kwamba chakula bado kilitoka katika chungu kimoja. Ndivyo ulivyo muziki. Kila rika hujenga kibanda chake na kulala humo, nalo hurudi jikoni mwa mama likiwa na njaa, hata likisahau kushukuru. Mzee anayedai vijana walale katika kibanda chake anadai jambo ambalo baba zake mwenyewe hawakulidai. Lakini anayo haki ya kudai kwamba wajue chungu ni cha nani.

Pengine mjomba aliyafikiri hayo, au pengine alichoka tu kuzungumza habari za mvua. Siku ya tano aliiweka kaseti mezani pasipo kitambaa.

"Kichukue kinanda," akasema. "Lakini yeye umwache mahali pamoja. Pamoja tu. Na maneno yote uyatunze kando, kama yalivyo."

Kijana akakubali. Kwanza aliihifadhi kaseti nzima bila kuigusa, akampa mjomba nakala katika simu, ili ile ya asili isilike tena. Kisha akaanza kazi yake.

Usiku wa harusi mvua ilikatika mapema. Spika zilipangwa kando ya migomba, na wimbo ulipoanza vijana walipiga kelele za furaha wasizozipiga kwa wimbo uliotangulia. Mjomba aliketi na wazee wenzake, mikono juu ya magoti. Kinanda chake kilipita mbio, kikiwa kidogo na chenye haraka, kama mtu aliyemjua zamani anayepita ndani ya basi. Halafu muziki ukasimama ghafula, na katika kimya kile ikatoka sauti moja ya kuwaita watu wachezao. Kwa kuwa ilikuwa imekimbizwa, sauti ya marehemu, ambayo maishani ilikuwa nzito, ilitoka nyembamba kama ya mtoto. Watoto waliokuwa mbele waliicheka kwa furaha, wakaiigiza, na kila iliporudi waliitikia.

Jirani yake aliuliza ni mtoto wa nani anayeita hivyo. Mjomba alitaja jina la rafiki yake, jina ambalo halikuwa limetamkwa mbele za watu Matwebe hata mara moja. Kisha akaaga, maana umri haukumruhusu kukesha.

Alfajiri aliamka kutazama ng'ombe. Ukungu ulikuwa bado juu ya migomba. Akasimama mlangoni akatega sikio upande wa kwenye harusi, na ngoma ilikuwa bado inalia.