Milango Miwili ya Kompyuta Moja

Wengi hudhani kwamba kompyuta ikibonyezwa huwaka tu, kama taa. Sivyo. Kwanza huamka programu ndogo iliyomo kwenye mashine yenyewe, nayo ndiyo inayoamsha mfumo mkubwa, uwe Windows au Linux. Desturi ya zamani ni ile ya BIOS, iliyokuja na kompyuta ya IBM ya mwaka 1981: husoma baiti 512 za mwanzo wa diski, basi. Desturi mpya ni UEFI, ambayo huitafuta faili ya kuamshia katika sehemu maalumu ya diski. Kwa miaka mingi ya mpito mashine zilitengenezwa zikijua desturi zote mbili, na hapo ndipo palipoingia fitina. Mfumo uliowekwa kwa mlango mmoja haufunguki kwa mlango wa pili.

Mpwa wangu yalimkuta hayo. Kompyuta yake ilikuja na Windows, na humo ndimo alimoandikia tasnifu yake ya shahada ya pili, kurasa zaidi ya mia, bila nakala popote. Rafiki yake akamwekea Ubuntu pembeni. Tangu siku hiyo Windows ikatoweka. Fundi mmoja akamwambia diski imeharibika, ifutwe yote ianzwe upya. Alinijia macho yamemvimba.

Ushauri wa kufuta siupendi, maana humpunguzia kazi fundi na kumwongezea hasara mwenye mali. Nilimwambia, "Tulia, mwanangu. Kwanza tuulize imeamkia mlango gani."

Swali hilo lina jibu jepesi. Ndani ya Linux, folda ya /sys/firmware/efi huwepo tu ikiwa mashine imeamka kwa UEFI. Haikuwepo. Nikatazama mgawanyo wa diski: sehemu ya Windows ilikuwa nzima, na ile ndogo ya faili za kuamshia pia. Hakuna kilichokufa. Aliyeweka Ubuntu alikuwa amebadili mpangilio wa mashine kwenda Legacy, yaani desturi ya zamani, kisha akauacha hivyo.

Tuliizima, tukaiwasha huku tukibonyeza F2, tukarudisha UEFI. Windows ikafunguka. Kabla ya lolote lingine nilimtaka anakili tasnifu kwenye flashi, akafanya hivyo mikono ikimtetemeka.

Ikabaki Ubuntu, ambayo sasa ndiyo iliyokuwa imejificha. Tulichomeka flashi ya kuiwekea. Hapa msomaji awe macho: katika orodha ya kuamshia, flashi hiyohiyo moja huweza kutokea mara mbili, na ni jina moja tu lenye neno UEFI mbele yake. Tulichagua hilo, tukaiweka upya GRUB, programu inayoonyesha orodha ya mifumo, safari hii kwa mlango uleule wa Windows. Ilipowaka tena, majina yote mawili yalikuwa yamepangana kwenye kioo, na mpwa wangu akataka aiwashe na kuizima mara tatu ahakikishe.